Njiwa wa Jumatatu, Fezanti wa Jumamosi

Siku niliyokwenda kuomba kazi Gafa alinipa bunduki mkononi, akanigeuzia mgongo, akaendelea na chai yake. Gafa ndivyo watu wa Birmingham wanavyomwita mkubwa wa kazi, na huyu wangu alikuwa na duka katika mtaa wa mafundi wa bunduki. Mie nilikuwa sijapata kushika bunduki maishani. Lakini nilipokuwa nikisubiri mlangoni nilimwona mteja mmoja: kabla hajavuka kizingiti aliikunja bunduki yake katikati, mitutu ikaangalia chini, kila mtu akaona haina kitu ndani. Basi na mie nikaikunja. Gafa akageuka.

"Nani kakufundisha?"

"Yule bwana aliyetoka sasa hivi."

Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Haya, Kombo. Anza Jumatatu."

"Nimeshaanza," nikamwambia, nikachukua ufagio.

Skuli niliiacha darasa la tatu, kule Wete, na Uingereza niliingia kwa kazi ya melini, nikitupia makaa tanurini. Nasema haya ili vijana wanaosoma wajue kwamba aliyekuwa akifagia duka lile ndiye aliyekuja kushika ufunguo wa gari lake, halafu klabu yake nzima. Jicho langu ndilo lililokuwa skuli yangu. Muda si mrefu nilijua kusafisha mtutu mpaka ung'ae, na kumwambia mteja bunduki gani inamfaa bega lake. Za kwetu zilikuwa bunduki za marisau, yaani hazitoi risasi moja, bali punje nyingi ndogo za risasi zinazotawanyika hewani. Ndizo za kupigia ndege.

Klabu ilikuwa ya uwindaji, ya wateja wa Gafa. Hawakuwa mabwana wakubwa: dereva wa basi, muuza nyama, mafundi wa viwandani. Aliyewaongoza tulimwita Katibu, karani mstaafu wa Kingstanding, mtu mrefu, mpole, ambaye hata akiwa na tope mpaka kiunoni alifunga tai. Nimefanya kazi na wakubwa wengi, na sijaona aliyemzidi Katibu kwa adabu. Alinipa mkono siku ya kwanza mbele ya watu wote, wakati ambapo wengine katika mji ule hawakutaka hata kukaa kiti kimoja na mtu mweusi kwenye basi.

Mwishoni mwa miaka ya sitini tuliwinda bure. Tuliondoka alfajiri na gari la duka mpaka kwenye vinamasi vya mdomo wa mto Severn, ambako hakuna aliyekuuliza wewe nani wala umelipa nini. Bata mwitu walikuja na maji. Hapo ndipo Katibu alipoanza kuniheshimu, maana maji ya Severn hujaa kwa kasi ya kutisha, na mie ni mtoto wa pwani. Nikiutazama mwezi najua bamvua, yaani maji makubwa, ni lini. Niliwaambia "tutoke sasa" nao wakatoka, na nyuma yetu maji yakafunika mahali tulipokuwa tumesimama. Hakuna mtu wangu aliyewahi kulowa juu ya goti bila kupenda. Waulizeni klabu nyingine kama walikuwa na bahati hiyo.

Kile kinamasi nakisifu mpaka leo. Kilinifunza kungoja. Lakini kitu cha bure hakina mlinzi. Mwaka hadi mwaka watu waliongezeka, wakatoka miji ya mbali, wakawa wanafyatulia bata walio juu mno, marisau yasikoweza kufika. Sisi tuliita kupiga mbingu. Bata walioumia walikwenda kufa mbali bila kuokotwa, na waliosalia wakahama. Asubuhi moja marisau ya mtu mwingine yalimwangukia Katibu kofiani kama mvua. Hakuumia. Alizipangusa punje, akasema kwa upole, "Kombo, mie sirudi tena hapa."

Gafa aliniita dukani. "Bila mahali pa kupiga, klabu inakufa. Klabu ikifa, gari la nini? Na gari likiuzwa, Kombo, dereva wa nini?"

"Nitakutafutia shamba."

"Katibu katafuta mwaka mzima."

"Katibu si Kombo," nikasema.

Hapa nieleze kidogo. Uingereza ndege anayeruka juu ya shamba la mtu humpigi bila idhini ya mwenye shamba. Mkulima hukodisha haki ile kwa msimu, na anayetakiwa zaidi ni fezanti, ndege mwenye mkia mrefu, kama jogoo aliyevishwa nguo za harusi. Mabwana wenye viwanda walikuwa wakichangishana na kukodi mashamba yote mazuri. Sisi hatukuweza kushindana nao kwa pesa.

Ng'ambo ya Kingstanding, mji unapoishia, palikuwa na mkulima wa kabichi mwenye msitu mdogo nyuma ya shamba. Fezanti walijaa msituni humo. Tulikwenda mie na Katibu. Mkulima alitupokea uani, mikono mifukoni, akamsikiliza Katibu mpaka mwisho, kisha akasema mabwana waliokodi msitu msimu ule wamekwishamwahidi kodi kubwa kuliko yetu kwa msimu ujao, na atawajibu baada ya Krismasi. Katibu akavua kofia, akashukuru, akageuka kwenda zake. Mie sikugeuka. Nilikuwa nikiangalia kabichi. Zilikuwa zimebaki mishipa mitupu, kama majani yaliyoliwa na mbuzi.

"Nani kala hizi?" nikauliza.

Mkulima akanitazama kwa mara ya kwanza. "Njiwa mwitu. Wanashuka kama blanketi."

"Hao mabwana hawawapigi?"

"Mabwana huja Jumamosi. Jumamosi njiwa wanasikia milio wanakwenda kwa jirani. Jumatatu wanarudi, na Jumatatu mabwana wako ofisini."

"Na nyinyi?" mkulima akamgeukia Katibu. "Jumatatu mko wapi?"

Katibu ni mtu mkweli. "Wanachama wangu wako kazini, bwana."

"Mie watu wangu hawako kazini," nikasema. "Nakuletea watu Jumatatu mpaka Ijumaa, mpaka Krismasi, bila kukuomba fezanti hata mmoja. Ukiona kabichi zimepona, utupe msitu kwa kodi aliyoitaja Katibu."

Garini Katibu aliuliza taratibu, "Kombo, watu gani?"

"Wa zamu ya usiku."

Sparkbrook, nilikokaa, ilijaa wanaume waliofanya kazi usiku kwenye viwanda vya kuyeyushia chuma. Mchana ulikuwa wao. Rafiki yangu Faraji, Mzanzibari, alikuwa mmoja wao, na kilio chake kila Ijumaa baada ya sala kilikuwa nyama. Siku zile nyama halali ilikuwa ya kutafuta. Nilimkuta kwa kinyozi, Ladypool Road.

"Faraji, unataka njiwa?"

"Njiwa wa kununua au wa kuota ndotoni?"

"Wa bure. Unakwenda kuwapiga mwenyewe."

"Sheikh, mie natoka zamu saa kumi na mbili asubuhi, macho yamejaa moshi. Nitampiga ng'ombe wa watu."

"Utalala garini."

Imamu wetu alitueleza: litaje jina la Mwenyezi Mungu kabla ya kufyatua, na ukimkuta ndege yu hai, mchinje. Polisi nao walitaka kila mtu awe na cheti cha bunduki. Nilikwenda na watu wangu mmoja mmoja kituoni, na Katibu akaja kila mara na tai yake, akatia saini kuwa anawajua. Alikuwa anawajua kweli. Alikwenda kunywa chai kwa kila mmoja kwanza.

Nikawafundisha, kwa bunduki alizotuazima Gafa. Kujenga kibanda cha maficho kwa matawi na wavu, upepo ukiwa mgongoni. Kupanga njiwa wa bandia, wa mbao, vichwa vyote vikiuelekea upepo kama njiwa wanaokula, na kuacha uwazi katikati ili walio hai washuke hapo. Kuokota kila aliyeanguka. Wiki ya kwanza Faraji alipiga matawi ya kibanda, hakupiga kingine. Wiki ya pili wake zetu walikuwa wakinyonyoa manyoya uani mpaka majirani wakauliza kama tumechana mito. Mvua ikanyesha, theluji ikaanguka, watu walitoka kwenye tanuri wakaja kukaa kwenye baridi, wala hakuna Jumatatu hata moja tuliyokosa. Mke wa mkulima, akishajua kwamba hatuli nyama yao, akawa anatuletea mayai ya kuchemsha na mkate moto. Mama yule Mungu amlipe.

Baada ya Krismasi mabwana walifika na gari refu jeusi. Mkulima aliniambia nisimame pale pale. Akawasikiliza, mikono mifukoni, kisha akauliza, "Jumatatu mnaweza kuja?"

Wakacheka. Mmoja akasema, "Jumatatu tunaendesha viwanda."

"Najua," mkulima akasema. "Huyu bwana huniletea watu wa viwanda vyenu." Akawasindikiza mpaka kwenye gari lao.

Tukaupata msitu. Jumamosi klabu ya Gafa ilipiga fezanti, Jumatatu watu wa Sparkbrook walilinda kabichi, na gari la duka lilikuwa na kazi siku zote. Kodi tulilipa, na tulilipa kwa wakati. Vijana wakiniuliza lipi bora, kumlipa mkulima au kwenda kwenye kinamasi cha bure, nawajibu kwamba yote mawili nimeyafanya na yote nimeyapenda, ila mkulima usimletee pesa peke yake. Pesa kila mtu anayo. Uliza shida yake inashuka siku gani.

Mwishoni mwa miaka ya sabini sikio langu la kulia lilikufa kwa milio, na bega likakataa. Sikuwa mzee, lakini Gafa alisema imetosha, akanifanyia karamu dukani. Wiki ile ile gari lenye tope lilisimama mbele ya nyumba yangu, na mkulima akashuka, yeye ambaye hakuwahi kuingia Sparkbrook. Mke wangu akampa pilau ya njiwa. Alikula mpaka akaomba kijiko kingine. Faraji alikuwa amekaa pembeni.

"Kombo," mkulima akasema, "umestaafu bila kuniambia. Nani atakuja kunilindia kabichi?"

Nikamwonyesha Faraji.

"Huyu? Huyu anapiga vizuri kuliko wewe."

"Nimemfundisha mie."

Mkulima akamgeukia Faraji. "Miche imetoka ardhini jana. Utafika saa ngapi?"

"Nikitoka zamu," Faraji akasema.

Wakaanza kuzungumza juu ya upepo, wapi kibanda kikae mwaka huu. Nilitaka kuwakosoa mara mbili, badala yake nikawamiminia chai.