Mlango wa Buluu wa Kariandusi

Nilipanda Milimani, mtaa wa Wazungu, kutafuta kazi ya kupaka mabati rangi, nikakaa miezi saba. Shule niliiacha darasa la nne, na tangu hapo sikuwahi kutulia mahali hata miezi mitatu. Kilichonishika pale ni sanduku la vitabu vya mwandishi mmoja, katika lugha tano au sita, na nyuma ya kila kitabu picha ya mwanamke yuleyule, shingo ndefu, sigara mkononi. Ndiye aliyeniajiri. Sasa alikuwa mzee mwenye sweta lililotoboka viwikoni, na Wazungu wenzake walipokutana naye posta waligeuka kusoma matangazo ukutani.

"Kwao alikuwa mtu mkubwa," mpishi wake aliniambia. "Aliwatetea akina mama wa viwandani, watu wakajaa barabarani kumwona. Hapa anagombana na mimi juu ya chumvi."

Ilikuwa Hali ya Hatari, serikali ikiwakamata Wakikuyu na kuwatia kambini. Kipande changu cha utambulisho kilionyesha kabila la baba, Mluhya, kwa hiyo nilitembea bila shida. Kikuyu nilikijua kutoka kwa mama. Mwandishi alipogundua hilo aliniondoa kwenye mabati. Alitaka kuyaandikia magazeti ya kwao juu ya mambo ya kambini, na alihitaji mkalimani.

Nilimletea mwanamke aliyeshona magunia kwenye machimbo ya udongo mweupe, Kariandusi. Jumapili alipata pasi ya siku moja kumwona dada yake Bondeni. Mumewe alikuwa amechukuliwa na homgadi, askari wa kienyeji wa serikali. Alipokwenda kuuliza yuko kambi gani, walimpiga mdomoni kwa kitako cha bunduki. Alitaka jambo moja tu: kujua kama mumewe yu hai, na yuko wapi.

"Mimi hapana andika jina," mwandishi alimwambia kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Wewe hapana ogopa."

Kisha akaanza kuuliza. Mlango wa nyumba ni wa rangi gani? Mume alikuwa anakula nini walipoingia? Meno gani yalitoka? Mwanamke akacheka, kitambaa mdomoni.

"Muulize kama anataka kunioa."

Sikulitafsiri hilo. Ila mimi mwenyewe, kwa kupenda kujua, niliongeza maswali yangu, na mgeni alipoondoka nilimwonyesha mwandishi jinsi vumbi jeupe lilivyomkaa kwenye nyusi. Alifurahi, akaliandika.

Baada ya wiki kadhaa gazeti lilikuja kwa posta. Alinisomea jikoni, akitafsiri polepole. Jina halikuwamo. Vingine vyote vilikuwamo: mlango wa madebe uliopakwa buluu, kiazi kitamu mkononi mwa mume, meno mawili ya mbele, nyusi nyeupe. Sikuwa nimesikia maneno mazuri kama yale maishani mwangu.

Mpishi aliendelea kukata vitunguu. "Mlango wa buluu pale Kariandusi ni mmoja," alisema.

Mwandishi aliuliza anasema nini. Nilimwambia. Alilikunja gazeti, akalikunjua, akalikunja tena.

Jumapili nilikwenda Bondeni. Dada mtu alinisemesha akiwa amesimama mlangoni.

"Lori lilifika Kariandusi Alhamisi. Hawakutaja jina. Walitaka mwenye pengo na mlango wa buluu. Watu wangesema nini?"

"Wamempeleka wapi?"

"Wewe ndiye mtu wa kuuliza maswali. Kawaulize."

Niliuliza. Karani wa kwanza alicheka, wa pili akataka kuona kipande changu. Mwandishi naye aliandika barua kwa kila ofisi, akitia chini ya jina lake majina ya vitabu vyake. Ofisa mmoja kijana alimuuliza mbele yangu kama ni vitabu vya mapishi.

Mwishowe serikali ilijibu, barua ya mistari minne. Mume aliyetajwa gazetini yu hai, ana afya njema, yuko kambi fulani huko kwenye joto. Juu ya mke hawakusema neno. Mwandishi aliisoma amesimama, akinitafsiria, akanipa.

"Peleka," alisema. Hakuniangalia.

Dada mtu hakunikaribisha. Nilimsomea pale nje, majirani wakianua nguo kwenye kamba. Alinifanya nilisome jina la kambi tena, kwa sauti ndogo. Akalirudia mara mbili asilisahau, kisha akaniambia nisije tena.