Zuhura Hakukaa Upande

Bado nakataa, jamani. Jana wanaume walimbeba Zuhura kwenda makaburini, sisi wanawake tukabaki uani kwao Kibuli, na mimi asubuhi hii nimeipigia simu yake mara mbili.

Kwa msiomjua: alikuwa supervisor wangu kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo, Nakivubo. Ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli ya mbio nikiwa na miaka thelathini na minne. Juzi asubuhi gari lilimgonga kwenye kona, mbele ya Mpigi, likaenda zake.

Ofisini alikuwa mtu wa deadline. Ukichelewa na ripoti hakufokei. Anavuta kiti, anakaa mezani kwako, anakula karanga zako mpaka umalize.

Siku yangu ya kwanza barabarani nilitoka getini kwangu Mengo nikashika mkono wa kulia, kama tunavyoendesha kwetu Bukavu. Boda tatu zikanijia uso kwa uso. “Kushoto, nyabo! Kushoto! Hii hapana Congo!” Zuhura alicheka mpaka akashuka kwenye baiskeli. Mwezi mzima ofisini nikaitwa Mama Kulia.

Tulikuwa wanawake saba. Kila Jumapili tunaelekea Butambala, vilima juu ya vilima, migomba huku na huku, mafunjo chini bondeni. Ukimaliza kilima unashangilia, kumbe kingine hicho. Mimi nanuna, yeye ananipita akisema, “Badilisha gia, si sura!”

Kuna kijiji huko chenye msikiti mdogo wa zamani wa matofali ya udongo. Kwao husimulia kwamba babu wa babu yake alifika hapo na msafara kutoka Pwani, akabaki kufundisha Kurani. Nikilalamika miguu inauma, ananionyesha ule msikiti. “Yule alikuja kwa miguu, Furaha. Wewe una magurudumu mawili.”

Na alikuwa na sheria moja iliyotuudhi sote. Kwenye vile vijiji vya zamani, hupiti mbele ya watu wazima umekalia baiskeli. Unashuka. Yeye anapiga magoti pale pale kwenye vumbi, hijabu chini ya helmeti, anasalimia kwa Kiganda mpaka salamu ziishe, na salamu za Kiganda haziishi upesi. Average speed yetu ilikuwa inafia hapo kila Jumapili.

Siku moja jjajja mmoja, bibi mzee anayechoma gonja, zile ndizi tamu, alimtazama kuanzia viatu hadi helmeti. “Mwanamke nakaa upande, nyuma ya bwana, miguu pamoja. Wewe nani nakufundisha kukaa hivi?” Zamani huko ndivyo ilivyokuwa, mwanamke kupanda baiskeli kama mwanamume ilikuwa aibu.

Zuhura, bado kapiga magoti, akamjibu kwa heshima zote: “Jjajja, nikikaa upande, nani nakanyaga pedali?”

Wee! Yule bibi alicheka mpaka akaunguza gonja. Akatupa zilizoungua bure, tukazila zote.

Sasa sikilizeni kinachonichoma. Jana, kabla hata chai ya msiba haijamiminwa, mjomba wa Zuhura alisimama mbele yetu sita tuliobaki. “Tulimwambia. Angekaa upande kama mama zake, angekuwa hai leo. Na nyinyi uzeni hizo baiskeli.”

Jioni wenzangu wawili wakaandika kwenye group kwamba wanaacha. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilishika usukani wa baiskeli yangu, nikairudisha ukutani.

Lakini nyinyi mnaoandika kwenye comments za habari ya ajali kwamba alikuwa katikati ya barabara, nyamazeni. Mimi nilikuwa nyuma yake. Tairi lake lilikuwa linagusa majani. Aliyeovateki kwenye kona ni mwenye gari, na hakusimama. Mtafuteni huyo mmuulize alikuwa anakimbilia wapi. Msimuulize marehemu alikuwa amekaaje.

Nina hasira. Sitaificha ili msiba uwe mzuri.

Leo mchana nilirudi Kibuli kumwona mama yake, Bi Mwanaisha. Nilimkuta mkekani, kanga kichwani, na yule mjomba kiti cha pembeni akiendelea na hotuba yake ile ile. Mama akamwacha amalize. Kisha akasema, polepole kabisa, “Mwanangu alikuwa amekaa sawa. Niachieni mwanangu.”

Akanigeukia mimi. “Jumapili huwa mnatoka saa ngapi?”

Nikababaika. “Mama, sijui kama tutaenda.”

“Sikukuuliza kama mtaenda. Nimekuuliza saa ngapi.”

“Saa kumi na mbili, Mama.”

“Basi mpite hapa kwanza, nyote sita. Nitawapikia chai. Safari ndefu ile, hamwezi kwenda na njaa.”

Mjomba akainuka akatoka nje. Mimi nikalia pale mkekani kama mtoto, Bi Mwanaisha akanipigapiga mgongo, mfiwa akimbembeleza mgeni. Nilipotoka niliyaandika maneno yake kwenye group, neno kwa neno, bila kuongeza langu.

Wale wawili wamejibu sasa hivi. Mmoja anauliza kama chai itakuwa na tangawizi. Mwingine kaandika tu: nakuja.

Zuhura wangu, tunakwenda. Kona ile tutaipita sote sita, mstari mmoja, na atakayepiga honi apige mpaka achoke. Naogopa, nakwambia ukweli, na bado nakwenda.

Hapo mbele ulipokuwa unatukingia upepo pamebaki wazi, na wenzangu wote wananitazama mimi.

Lala salama, boss. Jumapili mbele nakaa mimi.