Siku Niliyomwita Mama Mchawi

Mama yangu aliuza nyoyo, chakula cha Wajaluo cha kuchemsha, sokoni Katito tangu kabla sijazaliwa. Mahindi na maharagwe yake yaliiva sawasawa, na wachuuzi wa ndizi waliotoka Kisii walimtafuta yeye kwanza kabla hawajatandaza bidhaa zao. Kwa sufuria yake ya nyoyo alinisomesha mpaka chuo cha ualimu. Miaka ya themanini ilipokaribia kwisha, nilikuwa nafundisha shule ya msingi mjini Kisumu na nimepanga chumba mtaa wa Manyatta.

Ugonjwa ulikuja kwanza kama furaha. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nililala saa mbili tu usiku mzima na sikuchoka. Nililiweka darasa langu la tano mpaka jioni nikiwafundisha hesabu za darasa la nane, watoto wakisinzia kwa njaa, nami sioni. Kisha zikaja sauti, mwanamume na mwanamke, wakinijadili nyuma ya ukuta. Baada ya wiki chache wakaniambia kwamba ni mama aliyewatuma, na kwamba hunitilia kitu katika chakula.

Niliwaamini. Miaka yote ile nilikula mkononi mwake, na sikubishana nao hata kidogo.

Siku ya soko nikaenda Katito. Mama aliponiona alifuta mikono kwenye leso, akainuka kunipokea. Nikaipiga sufuria teke. Nikapaza sauti kwa Dholuo, halafu kwa Kiswahili ili hata wageni wasikie, kwamba mwanamke huyu ni mchawi, chakula chake kina dawa, amewala watoto wake wawili na sasa ananitaka mimi. Wadogo zangu wawili walikufa kwa surua wakiwa wachanga. Mama hakuwahi kuwataja mbele ya watu.

"Nyathina," aliniita kwa sauti ya chini, yaani "mwanangu" kwa Dholuo. "Twende nyumbani."

Nilimtemea mate. Wanaume wakanikamata.

Nilikaa hospitalini wiki sita. Daktari aliandika kwenye kadi yangu jina refu, skizoafektivu, kisha akanieleza taratibu: kuna ugonjwa wa kusikia na kuamini yasiyokuwepo, kuna ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na mimi nilikuwa na yote mawili. Ningekunywa vidonge kila siku na kudungwa sindano kila mwezi.

"Kwa muda gani?" nikamwuliza.

"Tuanze na mwaka huu," akasema.

Nilipotoka nilikwenda Katito. Pale mama alipokuwa akiweka sufuria palikuwa na magunia ya makaa. Nikamwuliza kwa nini.

"Makaa hayaliwi," akanijibu, bila hasira. "Mtu hawezi kuyaogopa."

Maneno yangu ya siku ile angeyasema mlevi, watu wangecheka wakaenda zao. Lakini niliyesema nilikuwa mwalimu, tena binti yake wa kumzaa. Mwalimu hasemi bure.

Kliniki ya sindano ilikuwa Jumanne moja kila mwezi. Mara ya pili nilipokwenda, mkono wangu ulitetemeka kwa sababu ya dawa hata nikaangusha kadi. Mama mmoja Mwislamu wa mtaa wa Kaloleni, mshonaji wa nguo, aliiokota, akasoma humo kwamba mimi ni mwalimu.

"Ni hiyo sindano," akasema. "Mwambie daktari akupe kidonge cha kutuliza mkono. Wengi hawajui kuuliza. Na mdomo ukikauka, beba limau."

"Wewe unajuaje?"

"Nimedungwa miaka saba, mwalimu."

Alikuwa mtu wa kwanza niliyemjua mwenye ugonjwa kama wangu na bado akiamka, akifanya kazi. Tulikaa kwenye benchi nyuma ya kliniki tukinywa chai ya chupa yake. Mwezi uliofuata akaja na fundi wa baiskeli wa Nyalenda, kijana mpole aliyesikia sauti tangu akiwa shuleni. Tukawa watatu, kila Jumanne ya sindano. Hapo ndipo nilipowaeleza niliyomfanyia mama.

Mshonaji aliweka kikombe chake chini. "Mimi niliwaambia majirani kwamba mume wangu anaiba watoto," akasema. "Polisi walimweka ndani. Nilipopona nilimwomba msamaha, akanipa. Lakini sikuwaambia waliosikia. Aibu ilimhamisha mtaa. Wewe nenda kwa waliosikia."

Nikaahidi. Mwezi ukapita, sikwenda. Fundi aliponiuliza mama alisemaje, nikamjibu kwamba alilia, akanikumbatia. Uongo huo ulinitoka kwa urahisi, na safari hii sikuwa na ugonjwa wa kuusingizia. Nilikuwa mzima, nimekunywa dawa. Jumanne ya sindano iliyofuata sikuweza hata kuipokea chai.

"Sikwenda," nikawaambia. "Niliwadanganya."

Fundi aliinamisha kichwa. Mshonaji akanisukumia kikombe. "Basi tutakwenda sote," akasema.

Tulikwenda siku ya soko. Nilisimama mbele ya akina mama wauza samaki walionisikia mara ya kwanza, nikasema kwamba yale niliyosema siku ile yalikuwa ya ugonjwa, kwamba mama hajamdhuru mtu, na kwamba wenzangu hawa wawili wanaugua kama mimi. Wengine walikodoa macho. Mwanamke mmoja akauliza, "Na leo anayesema ni nani, wewe ama ugonjwa?" Watu wakacheka. Fundi ndiye aliyemjibu: "Leo ni yeye, Mama. Ugonjwa hauombi msamaha."

Mama alikuwa amesimama nyuma ya magunia yake. Nilipomfikia, uso wake ulikuwa mgumu.

"Ungeniuliza kwanza," akasema. "Walikuwa wameanza kusahau."

Maneno hayo yaliniingia. Nilikuwa nimekuja kuutua mzigo wangu, na sikufikiri ungeangukia wapi. Hata hivyo, aliwakaribisha wageni wangu nyumbani, akamwuliza mshonaji kuhusu sindano, inachoma vipi, mtu analala vipi. Mimi hakuwahi kuniuliza.

Nilirudi kufundisha muhula uliofuata, na miaka ya tisini ilipofika benchi letu lilikuwa na watu tisa. Mgeni akija mimi humsimulia habari ya Katito, pamoja na ile sehemu niliyodanganya. Baadhi ya wanawake wa sokoni walianza tena kukaa na mama na kupiga soga naye. Wengine hawakurudi. Yeye aliendelea na makaa. Sijathubutu kumwuliza kama amenisamehe. Najua atasema ndiyo, na sitaweza kujua kama anasema kweli au ananihurumia.