Mgongo wa Kipa

Muuza dawa hapa Khayega alipofungua chupa ya dawa ya kuchua misuli, harufu yake kali ilinirudisha Amalemba, nikiwa msichana mdogo. Mama, mjamzito wa miezi saba, alikuwa ameanguka mlangoni akivuja damu. Nilikimbia barabarani nikipiga mayowe. Aliyesimama alikuwa kipa wetu, aliyependwa na mji mzima, akienda uwanjani kucheza fainali.

"Mama, shika shingo yangu. Usilale," alisema, akambeba mgongoni. Nilikimbia nyuma yao huku jezi yake iliyonukia dawa ikilowa damu.

"Utachelewa mechi," mama alinong'ona.

"Mechi inachezwanga kila wiki. Wewe shika tu."

Mama alipona. Mtoto hakuishi. Timu ilifungwa mabao manne bila kipa wake. Hakuwahi kusema alikuwa wapi, nasi hatukuulizwa.

Alifariki jana. Kwenye redio ya dukani, msikilizaji mmoja anasema marehemu alikuwa shujaa, ila siku ile ya fainali alihongwa. Napiga simu studio. Haishikwi. Napiga tena na tena, mpaka mtangazaji anawaaga wasikilizaji.