Web app yangu ilivyolinyima maji shamba la Bibi, Upareni

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hii imenikuta mimi mwenyewe, chumvi sijaongeza, na aibu ni yangu.

Niko Same mjini, najifunza kutengeneza web app kwa laptop ya mtumba. Shangazi yangu yuko kijijini huko milimani, ni katibu wa kikundi cha maji.

Kule tuna ndiva, yaani bwawa la kuchimba. Linajaa usiku, asubuhi linafunguliwa, kila shamba linamwagiliwa kwa zamu. Zamu zote zilikuwa kwenye daftari lake lililochakaa.

Nikamwambia, "Shangazi, hilo daftari nipe mimi."

Akanipa, masikini, na sifa akanitangazia kijiji kizima.

Nikadesign database kibabe. Table ya wakulima, column moja ya shamba, moja ya siku. Mtu mmoja, shamba moja, siku moja. Maswali ya nini wakati code inakubali?

Sasa Shangazi alikuwa kwenye daftari mara mbili: siku ya shamba lake, na siku ya shamba la Bibi, mama yake, ambaye miguu haimruhusu tena kushuka bondeni. Mimi nikaona jina limejirudia. Nikafuta moja, na jirani, Mama Elia, nikamhamishia kwenye siku hiyo. Ratiba nikaiprinti, ikabandikwa.

Alhamisi simu ikaita. Salamu hakuna.

"We mtoto, umemfanya nini mama yangu?"

Msimamizi wa maji alikuwa amemzuia Shangazi kufungulia maji, kwa sababu shamba la Bibi halipo kwenye karatasi. Na maharage ndiyo kwanza yametoa maua, jua kali, zamu nyingine hadi wiki ijayo. Yakikosa maji hapo maua yanapukutika, na ndicho chakula cha Bibi na mbegu yake.

Jamani, Bibi ndiye aliyenilea. Nilipanda gari la kwanza.

Nafika bondeni, nakuta maji yanaingia shambani kwa Bibi! Mama Elia alimwagilia nusu ya shamba lake, kisha akaugeuza mfereji.

"Shikamoo mama. Asante sana, sijui niseme nini."

"Marahaba. Mbona kawaida? Mwanangu alipougua, shangazi yako alinigawia zamu yake. Kwani hiyo kompyuta yako haijui kugawana?"



Jioni Shangazi akanikalisha jikoni kwa Bibi na daftari lake, mstari kwa mstari. Kumbe kuna mtu ana mashamba matatu. Kuna shamba wanamwagilia ndugu wawili. Tutorial nilitazama nyingi, lakini many-to-many, yaani mtu mmoja mashamba mengi na shamba moja watu wengi, iliniingia pale jikoni: wakulima table yao, mashamba table yao, katikati table ya zamu inayosema nani, shamba lipi, siku gani. Siku ikigawanywa, inakuwa mistari miwili.

Kwa hiyo beginners wenzangu, kabla hujachora table, kaa na mwenye daftari. Jina likijirudia usikimbilie kufuta. Huenda huyo mtu amembeba mwenzake.

Nilimwomba Bibi msamaha. Hata hakunisema. Aliuliza kitu kimoja tu: je, humo ndani ya app Mama Elia nimemweka vizuri, asije naye akakosa maji?

Waliowahi kumfuta mtu wakidhani ni duplicate, karibuni mjitaje. Mawe pia napokea.