Sindano ya Mistari Miwili

Daktari wa kliniki ya wanawake aliniambia nipunguze mwili kwanza, halafu ndio tuzungumze habari ya mtoto. Alisema hivyo huku akiandika, bila kuinua kichwa. Nilikuwa nimeolewa miaka sita na mtoto ndiye kitu pekee nilichokuwa nakitaka. Nikamwambia asante. Ukiambiwa jambo la kuumiza na mtu aliyevaa koti jeupe unasema asante, ndivyo tulivyolelewa.

Huku kwetu mtaani Umoja dawa ya kila kitu iko karibu. Ghorofa ya pili, juu ya duka la simu, kulikuwa na mwanamke aliyewadunga watu sindano za kukonda. Hakuwa daktari, wala hakujidai kuwa ndiye. Alinieleza kwamba sindano ina homoni ya wajawazito, na kwamba ikiingia inauamuru mwili uyeyushe mafuta yake wenyewe. Nilikuwa nimeona watu wakibishana juu yake kwenye simu. Wengine waliapa kwamba inafanya maajabu, wengine wakasema kinachokondesha ni njaa, sindano ni pambo tu. Nilisoma pande zote mbili nikachagua upande nilioutaka. Mfa maji haachi kutapatapa.

Masharti yalikuwa haya: asubuhi chai ya rangi bila sukari, mchana kipande cha kuku kisicho na ngozi na sukuma wiki ya kuchemsha, jioni vivyo hivyo na tufaha moja. Ugali marufuku. Mafuta marufuku, hata ya kujipaka, kwa sababu ati ngozi nayo inakula. Hili la mwisho lilinitia aibu kuliko njaa yenyewe. Mama yangu alituaminisha kwamba mtu aliyepauka ni mtu asiye na kwao, na sasa mimi, mwanamke mzima, nilitembea mtaani na miguu kama ya mtu aliyekanyaga majivu.

Kilo ziliondoka kweli. Pamoja nazo ikaondoka hamu ya karibu kila kitu. Nilimpikia mume wangu ugali na omena, nikakaa nikimtazama akimega, na sikutamani wala sikukasirika. Nilikuwa nimekufa ganzi, na ganzi yenyewe haikunisumbua.

Mtaani petu mtu akinenepa ana pesa, akikonda ana ugonjwa. Jirani yangu anayeuza mboga alianza kunitilia terere ya bure na kuniita "siste" kwa sauti ile ya kutembelea wagonjwa. Jumapili moja alikuja na mama wawili wa kanisani kwake, wakanishika mabega wakaniombea. Walipomaliza mmoja wao akaniinamia.

"Siku hizi dawa ziko, siste. Mtu anazimeza na anaishi tu vizuri."

Nikasema amina. Ningewaeleza nini, kwamba njaa hii nimeinunua?

Kisha sikuona siku zangu. Nilienda kununua kipimo cha mimba, nikakitumia asubuhi, na mistari ikatokea miwili. Katika miaka ile sita nilikuwa nimepima hata nikachoka, na mstari wa pili sikuwahi kuuona. Nilikaa juu ya ndoo ya maji iliyofunikwa, mle bafuni, nikahisi furaha. Naitaja waziwazi kwa sababu katika kisa hiki chote ilikuwa hiyo moja tu.

Mume wangu hushona viatu vya ngozi katika soko la Kariokor, na vidole vyake vina weusi wa rangi ya viatu usiotoka kwa sabuni. Nilipomwonyesha kile kipimo alikipangusa, akakitia kwenye kipochi alichojishonea mwenyewe, nyuma ya kitambulisho.

"Hiki kinatembea na mimi," alisema.

Kisha akampigia mama yake kule Kakamega. Mama akapiga vigelegele hadi mume wangu akaisogeza simu mbali na sikio. Alisema kuku ameshamchagua, na kwamba mimi sasa nile chakula, niache mambo ya kujinyima.

Nilirudi kliniki. Daktari aliniuliza ni dawa gani ninazotumia, na nilipotaja sindano akaweka kalamu chini. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kunitazama usoni.

"Kipimo kinatafuta homoni hiyohiyo," alisema. "Hakijui imetoka kwa mtoto au imetoka kwa sindano."

Akanipima kwa ile mashine ya picha. Hapakuwa na kitu. Siku zangu, alisema, huenda zilizuiwa na njaa. Niache sindano, nile, kisha nipime tena homoni ikishatoka mwilini. Nikamwambia asante.

Jioni ile nilimwambia mume wangu kwamba daktari amesema tungoje. Sikudanganya, lakini pia sikusema. Niliacha sindano nikawa napima kila baada ya siku chache. Mstari wa pili ulififia, ukafifia tena, hadi nikawa naugeuzageuza dirishani kuutafuta. Asubuhi moja haukuwepo.

Siku hiyohiyo nilipanda zile ngazi za juu ya duka la simu.

"Aki madam, si umekonda poa," yule mwanamke akaniambia. "Hii huihitaji tena."

"Nidunge tu."

"Sasa ya nini?"

Nilipandisha blauzi. Nilirudi kesho yake na keshokutwa yake, kisha nikapima, na mistari ilikuwa miwili, mizuri, myekundu kabisa. Kukonda sikukutaka tena. Nilitaka kuiona ile mistari.

Nilikuwa bado nakitazama kipimo mume wangu alipoongea kutoka nje ya mlango wa bafu.

"Mama anakuja Jumamosi. Amesema kuku anakuja naye."

Nikafungua mlango.

"Hakuna mtoto," nilisema.

Alikitazama kilichokuwa mkononi mwangu. "Na hii mistari?"

"Ni sindano. Hata ile ya kwanza ilikuwa sindano. Daktari aliniambia."

Akaketi kwenye kochi. Nilitaka kulia mbele yake, ingalau apate kitu cha kubembeleza, lakini mwili ulikataa. Akatoa kipochi, akachomoa kipimo cha kwanza. Mistari yake ilikuwa imegeuka kijivu. Akanyoosha mkono nikampa changu, akaviweka pamoja juu ya goti, akavitazama kwa muda.

Changu alikitupa kwenye pipa la takataka. Kile cha kwanza alikirudisha palepale, nyuma ya kitambulisho, akafunga kamba za viatu akaenda kazini.