Popo na Simu Isiyo na Mtu

"Popo anaongea na majini," Redio aliniambia, akichuchumaa kando ya beseni langu la nepi.

Redio ni jirani wa chumba cha mwisho. Tunamwita hivyo kwa sababu hazimwi. Popo ni dada wa chumba kinachotazamana na changu. Yeye hutoka giza likiingia na kurudi majogoo wakijiandaa kuwika, basi wapangaji wakampa jina la mnyama wa usiku.

"Wewe si unakesha na mtoto? Hujamsikia akipita uchochoroni? Yuko peke yake, anacheka, anajibu kizungu. Sasa anamjibu nani?"

"Labda yuko kwenye simu, dada."

"Simu saa hizo! Mumeo mwenyewe huko safarini anakupigia saa hizo? Jini hilo, tena limesoma."

Nilicheka, lakini nikaacha kufua. Nilikuwa nimemsikia. Mwanangu alikuwa anaota meno, usiku kucha yuko kifuani, na dirisha letu linatazama uchochoro. Nilichokisikia mimi kilizidi cha Redio, na sikuwa nimemwambia mtu.

Kazi ya Popo ni kupokea simu. Watu wa nchi za mbali wakishuka kwenye ndege na kukuta sanduku limepotelea njiani, hupiga namba, na anayepokea ni yeye, kwenye ukumbi wa ghorofa ya nne wenye wanawake wengine safu kwa safu.

"Kwao mchana, kwetu usiku," aliniambia siku moja tukianika nguo. "Mtu sanduku lake limeenda kwingine, ananitukana mimi kana kwamba nimezivaa nguo zake. Nami sina ruhusa ya kununa. Tunaambiwa tutabasamu, eti mteja anasikia tabasamu."

"Na wewe unatabasamu?"

"Mpaka mashavu yanauma, mdogo wangu."

Alilala mchana, khanga nzito imetundikwa dirishani. Alipoamka alikuwa na alama utosini, pale kile kidude cha masikioni kinapobana nywele. Aliishi na mama yake mzazi, ambaye masikio yake yalikuwa mazito. Ukitaka akusikie unamshika bega kwanza. Kila jioni kabla ya kutoka, Popo alimpikia, akampa dawa, akamfunika. Yule mama aliamini bintiye anafanya kazi mahali palipo karibu, na kwamba analetwa mpaka mlangoni.

Na kweli zamani alikuwa akiletwa mpaka mlangoni. Gari la kampuni lilikuwa na dereva mtu mzima, wanamwita Mzee, na Mzee hakuondoka mpaka amwone amefungua geti. Alipiga honi fupi, akasubiri, akageuza. Ila gari lile lina vioo vyeusi, na Redio hakuhitaji zaidi ya hapo. Gari la vioo vyeusi, mwanamke anashuka alfajiri, kila siku! Maneno yakafika kwa mwenye nyumba. Akatoa amri: nyumba yake ni ya watu wa heshima, gari hilo lisiingie tena mtaani.

Tangu hapo Popo akawa anashushwa barabara kuu, kwenye kituo cha mafuta. Kutoka pale mpaka getini kwetu ni uchochoro mmoja, ukuta wa ghala upande huu, mtaro upande ule, na taa moja iliyokufa.

Viatu vyake nilivijua. Vya visigino vifupi, kimoja kimelegea, kinagonga mara mbili. Usiku mmoja nikasikia nyuma yake vingine, vya raba, vya mtu asiye na haraka. Vyake vikisimama, vile navyo vinasimama. Vyake vikikazana, vile navyo vinakazana. Nilimkumbatia mwanangu mpaka akalia. Kesho yake tena. Keshokutwa yake tena.

Siku Redio aliponiletea habari ya majini, nilimngoja Popo aamke, nikamfuata bombani.

"Dada, nyuma yako kuna mtu."

Ndoo ikamponyoka. "Umesikia na wewe?" Akanishika mkono kwa nguvu, macho yamemjaa. "Nilidhani nachanganyikiwa. Nilidhani ni usingizi."

"Na simu? Unaongea na nani?"

Akatazama kama Redio yupo karibu, akashusha sauti. "Siongei na mtu. Naweka simu sikioni, najifanya niko na mteja. Nikikaa kimya anasogea. Nikiongea anabaki nyuma. Basi namhudumia mteja asiyekuwepo mpaka getini."

"Kwa nini usimpigie mtu kweli?"

"Nimpigie nani? Mama hasikii. Mzee yuko njiani na wenzangu watatu wa kushusha. Watu wote ninaoongea nao usiku wako mbali, hata sura zao sizijui."

"Mwenye nyumba je?"

"Nilimweleza. Akasema wanawake wa heshima hawafuatwi."

Nikamjazia ndoo.

Usiku ule sikulala hata mtoto aliponyamaza. Nilikaa kitandani, sikio dirishani. Nikasikia gari likisimama kwa mbali, likaondoka. Kisigino kilicholegea kikaanza kugonga. Kisha raba.

Kisha sauti yake, ile ya kazini, laini, yenye tabasamu. Lugha ile mimi niliiacha darasani, lakini nilishika maneno mawili matatu: bwana, sanduku, mlangoni kwako. Alikuwa anamhakikishia mtu kwamba mzigo wake utamfikia salama. Sauti haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia baridi zaidi.

Alipofika usawa wa ukuta wa ghala, simu ikaita.

Ililia pale pale sikioni mwake, katikati ya neno. Mlio mkali, ukajaa uchochoro mzima. Popo akanyamaza. Raba zikanyamaza. Simu ikaendelea kulia.

Halafu mwanamume akacheka. Polepole, kama mtu aliyefumbua kitendawili.

"Kumbe huna mtu," akasema.

Nikasikia raba zikija, safari hii haziendi kwa kunyata. Sijui nilisimamaje. Nilikuwa na mtoto begani, nikawasha taa, nikapiga dirisha la bati kwa mwiko na kupaza sauti ambayo hata mimi sikuijua.

"Baba Kichanga! Amka! Chukua panga, shemeji yako yuko nje! Mwamshe na kaka yako! Tokeni!"

Mwanangu akaangua kilio. Mbwa wa ghala akadakia. Nje raba zikasita, zikarudi nyuma, zikapotea zikikimbia upande wa barabara. Nilitoka na mwiko mkononi, nikafungua geti. Popo akaanguka ndani, nami nikafunga komeo zote. Hakuna mpangaji mwingine aliyefungua mlango, hata Redio.

Tulikaa chini ukumbini, migongo mlangoni.

"Sikujua shemeji amerudi," Popo akasema alipopata pumzi.

"Hajarudi."

"Na kaka yake?"

"Mume wangu kazaliwa peke yake."

Akanitazama, akatazama mwiko, na kicheko kikamtoka, kikageuka kilio katikati ya safari. Nikampa mtoto amshike. Mtoto akamshika pua, wote wawili wakatulia.

Simu yake ikaita tena sakafuni. Tukashtuka wote. Ilikuwa ni Mzee. Alisimamisha gari pembeni kuuliza kama amefika, kwa sababu tangu akatazwe kuingia mtaani moyo wake haukutulia. Yeye ndiye aliyepiga mara ya kwanza.

"Nimefika, Mzee," Popo akamjibu kwa sauti ile yenye tabasamu. "Salama kabisa. Asante." Akakata. "Wema wake ndio ulioniumbua," akaniambia. "Nitamwambiaje?"

Chumbani mama yake alikohoa, akajigeuza, akaendelea kulala. Hakusikia lolote.

Nje kulikuwa kimya. Nikafikiri, yule mtu sasa anajua dirisha langu. Sikulitamka. Nadhani naye alikuwa anafikiri hilo hilo, maana alimbana mwanangu kidogo, akanirudishia.

"Usiende kesho," nikamwambia.

"Nisipokwenda, keshokutwa nitaambiwa nisirudi tena. Na dawa za mama?"

Akavua kile kiatu kilicholegea, akakigeuza geuza mkononi. Halafu akaniomba simu yangu ndogo niliyoichomeka kiunoni, akaingiza namba yake, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Mdogo wangu, najua unakesha. Kesho nikishuka tu garini nitakupigia. Tafadhali pokea. Nitaweka simu kwenye spika ili asikie sauti yako. Sema lolote, nigombeze hata, mwimbie mtoto. Ila usikate mpaka nigonge geti."